Saa nzuri ya mazoezi ni ile ambayo hakuna anayekuhitaji

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza mazoezi yafanywe asubuhi au jioni na kwa nini. Mi najibu alfajiri, ila sio kwa zile sababu za kila siku za hewa safi sijui kuamsha mwili. Tena kwa upande wa mwili jioni ndo inashinda, tuseme ukweli. Joto la mwili linashuka chini kabisa usiku kuelekea alfajiri halafu linapanda taratibu mpaka linafika juu kwenye saa kumi, kumi na moja hivi za jioni, muda huo misuli imeshalainika, viungo vinakunjuka, hata chuma unakinyanyua vizuri kuliko asubuhi. Ukitoka kitandani saa kumi na moja alfajiri ukainama kushika vidole vya mguu, mgongo unakataa kama ubao.

Sasa hiyo jioni ni ya nani? Hapo ndo nabishana na watu. Mi nakaa Tabata hapa Dar, kazi yangu iko mjini, nikitoka ofisini saa kumi na moja foleni ya Buguruni mnaijua wenyewe, nafika nyumbani saa moja na nusu giza limeingia, bado sijapika, mtoto ana homuwaki ya hesabu na kama ni siku ya kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka akiba, ndo kabisa. Mume wangu anaweza kuvaa raba saa kumi na mbili jioni Jumamosi akatoka na hakuna atakayemuuliza, mi nikitoka muda huohuo mboga itaungua na mama mkwe yuko sebuleni anaangalia saa. Kwa hiyo mtu akiniambia jioni mwili una nguvu zaidi namwambia sawa, nakubali, lakini hiyo nguvu imeshagawanywa kabla sijafika mlangoni.

Saa kumi na moja alfajiri hakuna anayenitaka. Simu haiiti, watoto wamelala, bosi naye amelala. Nusu saa au dakika arobaini nazozipata pale sigombanii na mtu, na ukichukua ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kutembea harakaharaka tu kunatosha, basi hizo asubuhi za Jumatatu mpaka Ijumaa zinamaliza deni lote na wikiendi unapumzika.

Halafu kuna hili jiji letu. Watu wanasema asubuhi Dar kuna ubaridi, jamani, ubaridi gani, Februari ukikimbia alfajiri unalowa chapachapa kabla hujafika hata barabara kubwa. Unyevu hewani alfajiri ndo unakuwa mwingi kabisa, jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisipokauka halipoozi mwili, linakuchuruzika tu bure. Tunachokipata alfajiri ni kwamba jua halipo. Anayedhani kukwepa jua kunamaliza kazi akumbuke Doha 2019, mashindano ya dunia ya riadha, marathoni ya wanawake ilianza dakika moja kabla ya saa sita usiku, na bado kwa lile fukuto kati ya wanawake 68 walioanza walimaliza 40 tu. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2:32:43 wakati Januari ya mwaka huohuo alikimbia marathoni ya Dubai kwa saa 2:17:08. Sasa kama mtu wa kiwango kile anapunguza spidi, mimi na wewe tunaokimbilia afya tunajitesa nini, miezi ya joto punguza mwendo, kunywa maji, kama vipi tembea.

Wengine watanitajia wakimbiaji wa Kenya wa kule Iten wanaotoka saa kumi na mbili asubuhi kwa makundi. Iten iko juu karibu mita 2,400, baridi kweli kweli, na wale mazoezi ndo kazi yao, wakirudi wanakunywa chai wanalala, jioni wanatoka tena. Hayo maisha sio yetu.

Ubaya wa alfajiri ni giza, na hili kwa wanawake sio dogo. Huku kwetu Novemba jua linachomoza kabla ya saa kumi na mbili lakini Julai linachelewa mpaka kwenye kumi na mbili na nusu na zaidi, kwa hiyo zile dakika za mwisho za mazoezi zilizokuwa na mwanga kidogo Novemba, Julai zinakuwa giza totoro, na mbwa wa mitaani hawajaenda kulala. Mi natoka na jirani yangu, sitoki peke yangu, simu naiacha, nafuata njia anapokaa mama wa vitumbua maana pale pana taa na moto na madereva wa bodaboda wananijua. Akiumwa huyo jirani sitoki, naruka kamba uani.

Na mtu mwenye kisukari anayetumia dawa asinisikilize mimi, aulize kwanza daktari wake kabla ya kukimbia na tumbo tupu, sukari inaweza kushuka ukaanguka barabarani.

Ramadhani napo hesabu inabadilika, alfajiri umetoka kula daku na maji hutayapata mpaka magharibi, kwa hiyo wengi wanafanya kidogo kabla ya kufuturu au wanasubiri baada ya tarawehe. Vijana wa jimu ya mtaani kwetu, ile yenye vyuma vya saruji iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi, mwezi huo wanaanza saa tatu usiku mpaka majirani wanalalamika vishindo.

Kuna mlinzi wa jengo letu anaingia lindo saa kumi na mbili jioni anatoka kumi na mbili asubuhi, pushapu zake anapiga saa nane mchana akishaamka, na ana kifua kuliko hao wote wa jimu. Kwake hiyo saa nane ndo alfajiri, na wanaosema mchana haifai waje wamwambie wenyewe.