Jibu: Mlango wa mashine ya kufulia umegoma kufunguka baada ya umeme kukatika

Ndugu uliyeuliza kutoka Ntinda, umeeleza kwamba umeme ulikatika mashine yako ikiwa katikati ya kufua, ukarudi baadaye, na tangu hapo mlango umekataa kufunguka huku nguo zikiwa ndani na maji yakionekana kwenye kioo. Umesema pia kuwa fundi wa kwanza alitaka mnunue kitasa kipya, na mwenzetu mmoja humu akakushauri uunganishe nyaya za kitasa moja kwa moja ili uachane nacho. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za aina hii hapa Kampala, nyingi zikiwa za mitumba, na kwa maelezo uliyotoa sioni sababu ya kukishuku kitasa. Mlango wako umeshikiliwa na hayo maji unayoyaona.

Kitasa cha mashine yenye mlango wa mbele hakifanyi kazi ya komeo peke yake. Ndani yake mna swichi, na umeme wa mota, wa hita na mara nyingi wa vali za maji hupitia kwenye swichi hiyo, kwa hiyo kisipofunga sawasawa mashine haianzi kabisa. Ukipasua kitasa kibovu cha aina ya zamani, ambayo ndiyo imejaa mitaani kwetu, utakuta kidonge cha kauri kinacholingana na kidonge cha Panadol, kimebanwa na vibati vya shaba. Mafundi tunakiita PTC. Kikipata volti 240 huchemka upesi, kisha upinzani wake hupanda ghafla na mkondo unaopita hupungua sana, hivyo hujizuia chenyewe kisiungue hata kikikaa na umeme kwa saa mbili za kufua. Kandokando yake kuna ukanda mwembamba wa metali mbili zilizoshikamana, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata joto. Ukanda huo ukipinda husukuma pini ndogo ya plastiki inayozuia ulimi wa mlango usirudi, na papo hapo ncha za swichi hugusana. Ule mlio mdogo, "ta", unaousikia sekunde chache baada ya kubonyeza kitufe cha kuanzia ndio ukanda huo.

Kwa kuwa kinachofunga ni joto, kinachofungua ni kupoa. Umeme ukiondoka, ukanda huchukua dakika moja au mbili, pengine tatu, kabla haujanyooka. Wengi huona kuchelewa huko ni ubovu, kumbe kumekusudiwa: pipa linalokausha nguo kwa mizunguko 1000 au 1400 kwa dakika halisimami mara moja, na mkono wa mtoto haupaswi kulikuta bado linazunguka. Nadhani vishikio vya mlango vilivyovunjwa na watu wasiotaka kusubiri dakika hizo nimevibadilisha mara nyingi kuliko vitasa vyenyewe.

Sasa tazama maana ya hayo kwako. Kama kitasa chako ni cha PTC, umeme ulipokatika kilipoa na mlango ungeweza kufunguka wenyewe, maji yakiwamo au yasiwemo, kwa sababu kidonge hakijui habari za maji. Umeme uliporudi, bodi, yaani saketi ya kielektroniki inayoiongoza mashine, ilisoma kwenye swichi ya kiwango cha maji kwamba pipa halijawa tupu, ikakipa kitasa umeme tena, na itaendelea kukipa mpaka maji yatoke. Kwa nini hayatoki ni swali jingine, na ndilo la kushughulikia: pengine programu imesimama ikisubiri uichague upya, lakini mara nyingi ni chujio la pampu lililoziba kwa sarafu, vifungo na nyuzi za soksi. Mashine mpya zaidi zina kitasa cha koili, yaani waya uliozungushwa unaogeuka sumaku ukipata umeme, ambacho hufungwa kwa mpigo mmoja mfupi wa umeme na kufunguliwa kwa mpigo mwingine. Hicho hubaki kilivyokuwa umeme unapokatika, hata ungekaa wiki, na bodi haitatoa mpigo wa kufungua hadi iridhike kwamba maji yamekwisha na pipa limetulia.

Kwa hiyo anza kwa kuchagua programu ya kutoa maji peke yake. Pampu ikinguruma bila maji kutoka, zima mashine, chomoa plagi, ufungue kifuniko kidogo kilicho chini mbele. Kama ulikuwa unafua kwa nyuzi 60 au 90, acha kwanza maji yapoe, kwani nimeona fundi aliyebabuka mkono kwa haraka zake. Weka beseni bapa, legeza chujio kidogokidogo, kaza beseni likijaa, mwaga, rudia. Maji yakiisha, safisha chujio, lirudishe, kisha subiri dakika tano plagi ikiwa bado imechomolewa. Kitasa cha PTC kitakuwa kimeachia. Kama bado kimeng'ang'ania, rudisha plagi na uendeshe tena programu ya kutoa maji hadi mwisho, ili bodi ya mashine ya koili ipate nafasi ya kutoa ule mpigo wake.

Yasipofaa hayo, mashine nyingi zina kamba au ulimi wa dharura, mara nyingi wa rangi nyekundu au ya machungwa, karibu na hilo chujio. Ukiuvuta chini mlango huachia. Isiyo nao, ondoa skrubu za nyuma za kifuniko cha juu, inamisha mashine kidogo kwa nyuma huku mtu mwingine akiishikilia, ili pipa lijitenge na ukuta wa mbele, kisha pitisha mkono upapase nyuma ya kitasa mpaka uguse kibao kinachoteleza, ukisukume. Plagi iwe imechomolewa wakati wote. Kuchokoa kwa bisibisi kwenye ukingo wa kioo kunaishia kukata mpira wa mlango, na mpira huo ni ghali kuliko kitasa.

Iko dalili moja ambayo mafundi wengi huipita. Ikiwa mashine hukataa kufunguka kila inapomaliza kufua, maji yakiwa yametoka yote, lakini hufunguka vizuri dakika mbili tatu baada ya kuchomoa plagi, kitasa ni kizima na mwenye kosa ni triaki ya kwenye bodi, yaani kile kijiswichi cha kielektroniki kinachokipa umeme, ambacho kimeungana na hakizimi tena. Ukibadilisha kitasa hapo utapata kitasa kipya chenye tabia ileile. Mara nyingine mambo hayo mawili huenda pamoja: kidonge cha kitasa hupasuka, hupiga shoti, na huiua triaki, kwa hiyo nikikuta triaki imekufa napima na kitasa pia. Kupima si kazi kubwa. Mashine ikiwa imechomolewa, kidonge kikiwa baridi husoma omu mia kadhaa hadi elfu moja na kitu, na swichi haipaswi kuonyesha mawasiliano yoyote. Koili husoma chini ya hapo. Kidonge kisichosoma chochote kimekatika, na hapo malalamiko huwa mengine: mashine haianzi, si kwamba haifunguki.

Umeme dhaifu nao huleta vituko. Jioni volti zikishuka sana, kidonge huchelewa kuchemka, bodi huchoka kusubiri na kuandika kosa la mlango. Mashine hiyohiyo asubuhi hufua bila neno. Kabla ya kumwita fundi, pima volti kwenye soketi saa ileile inapogoma.

Kuhusu kuunganisha nyaya moja kwa moja, nakataa, na namwomba aliyeshauri asikasirike. Kwanza halikusaidii, kwa sababu kuunganisha nyaya za swichi huidanganya mashine kwamba mlango umefungwa, ilhali shida yako ni mlango usiofunguka. Pili, mashine iliyofanyiwa hivyo inaweza kuzungusha pipa kwa kasi yote mlango ukiwa wazi, au kujaza maji na kuyamwaga sakafuni kwenye waya wa kurefushia umeme. Viwango vya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, vina sehemu nzima, 60730-2-12, inayohusu peke yake vitasa vya milango vinavyoendeshwa kwa umeme, na sidhani walikaa kuiandika kwa kukosa kazi. Mchezo huohuo kwenye maikrowevu ni mbaya zaidi: mlango wake kwa kawaida una swichi tatu, na ya tatu imewekwa makusudi ili ipige shoti na kukata fyuzi iwapo nyingine zimeganda, mionzi isitoke mlango ukiwa wazi. Ndani yake pia kuna kapasita ya volti zaidi ya 2000 inayoweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Asiyejua kuitoa chaji hiyo asifungue skrubu hata moja.

Ikithibitika kwamba kitasa ndicho kibovu, usimtume mtu wa boda dukani na jina la mashine tu. Nenda na kitasa chenyewe mkononi. Muuzaji atakuambia vyote ni vimoja kwa kuwa maganda yanafanana, ila mpangilio wa pini hutofautiana, na kebo ya moto ikiingia kwenye pini isiyo yake bodi huungua siku hiyohiyo. Linganisha namba iliyochapwa ubavuni, idadi ya pini, na pini ipi inasoma kidonge. Ukiona tofauti yoyote, weka hapa picha za vyote viwili kwa upande wa pini kabla hujalipa.