Jino la mtoto limegeuka kijivu: tazama ufizi, si rangi

Mama mmoja ameuliza: mwanawe wa mwaka mmoja na nusu alianguka akagonga mdomo kwenye ukingo wa meza. Damu ikatoka kidogo, akalia, akanyamaza, yakaisha. Wiki tatu baadaye jino la mbele la juu limekuwa na rangi ya majivu, na shangazi wa mtoto anataka ling'olewe kabla halijaambukiza mengine. Shangazi amekosea, na kina shangazi wa aina hiyo ni wengi.

Rangi ile ni damu iliyovilia. Katikati ya jino mna uwazi wenye mishipa midogo ya damu na ya fahamu, ndicho kiini cha jino. Jino likigongwa mishipa hiyo hupasuka, na damu haina pa kwenda kwa kuwa imezungukwa na kuta ngumu; hujipenyeza kwenye vijitundu vya jino na kubadilika rangi humo, kama mvilio wa ngozi. Ngozi hujisafisha kwa wiki mbili hivi. Jino huchukua miezi, na mengine hubaki hivyo mpaka yang'oke. Weusi huu unaweza kuanza wiki kadhaa baada ya kuanguka, wakati kila mtu ameshasahau ajali. Likiwa la manjano ni habari nyingine: kiini kimejijaza tabaka gumu, yaani kilibaki hai kikafanya kazi. Waridi inayojitokeza miezi mingi baadaye hutaka daktari, kwa sababu jino huenda linaliwa kutoka ndani.

Kijivu peke yake hakihitaji dawa wala koleo. Kinachoamua ni ufizi. Mara moja kwa wiki mlaze mtoto kichwa kikiwa mapajani pako, inua mdomo wa juu kwa kidole, uangalie pale juu ulipo mzizi wa jino lile. Unatafuta kijipu kidogo kama chunusi, cheupe au chekundu. Hapo ndipo usaha unapotokea. Kijipu hicho hupasuka, hupotea, kisha hurudi, na mtoto anaweza asilie hata siku moja, maana usaha umepata njia na hausukumi tena. Wazazi hunaswa hapa: halii, basi amepona. Hajapona! Dalili nyingine ni jino kuzidi kulegea badala ya kukaza, ufizi kuvimba, au mtoto kung'ata kwa upande mmoja tu. Uso ukivimba pamoja na homa, aende siku hiyo hiyo. Antibayotiki pekee hutuliza uvimbe na kuacha chanzo kilekile ndani. Jino lenye usaha hutibiwa kiini au hung'olewa, kwa kuwa jino la kudumu linajengwa karibu sana na mzizi huo.

Piga picha ya jino kila baada ya wiki mbili, dirisha lile lile, mwanga wa mchana. Macho ya mzazi mwenye wasiwasi huona jipya kila asubuhi.

Na hakikisha kweli ni jeraha. Jeraha hubadilisha jino moja, pengine mawili yaliyogongwa. Meno kadhaa yenye mstari mweupe au kahawia kandokando ya ufizi yameanza kuoza, na hilo halisubiri. Weusi wa juujuu kwenye meno mengi mara nyingi huletwa na dawa ya maji ya madini ya chuma.

Siku ya ajali yenyewe, anza na kichwa: akizimia, akitapika mara kwa mara au akisinzia isivyo kawaida, jino lisubiri, hospitali kwanza. Kisha lowesha kitambaa safi kwa maji baridi, ukandamize panapovuja damu kwa dakika 10 bila kuchungulia. Hesabu meno na vipande. Kipande kisichoonekana kinaweza kuwa ndani ya mdomo uliochanika, na mtoto akianza kukohoa au kukoroma kifuani huenda amekivuta kwenye njia ya hewa. Jino la utoto likitoka zima usilirudishe, kwani unaweza kuliumiza la kudumu lililo juu yake. Likizama ndani ya ufizi usilivute. Mengi hushuka yenyewe ndani ya miezi 6, mengine hadi mwaka. Likisogea kiasi cha kumzuia kufunga meno, hilo ni la daktari leo.

Kwa siku 10 hadi 14 mpe chakula laini, punguza chuchu bandia, na uendelee kupiga mswaki laini hata kama anapinga, maana ufizi mchafu ndio usiopona. Kwa maumivu ni parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini hapana.

Andika tarehe ya ajali kwenye kadi yake ya kliniki. Jino la kudumu litakapotoka, karibu na miaka 7, likiwa na doa jeupe au la kahawia, daktari ataiuliza.