Tango ya fidla na selo bila ngoma inawezekana

Mkuu, umeuliza kama tango (muziki wa dansi wa Argentina) ya fidla na selo itasimama bila ngoma wala akodiani, maana mnataka kuipiga hapa Mtwara na vyombo ni hivyo viwili tu. Itasimama. Okestra za tango za Buenos Aires zenyewe kwa kawaida hazikuwa na ngoma: bandoneoni (ndugu yake akodiani), fidla, piano na besi kubwa, basi. Mapigo yalitoka kwenye besi na mkono wa kushoto wa mpiga piano. Kwenu kazi hiyo ni ya selo.

Mimi na mwenzangu tumepiga ya kwetu Shangani na Mikindani, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: andika selo kabla ya fidla. Wengi huanza na melodi tamu, halafu selo inaachiwa nota ndefu za kujazia. Hapo tango imeshakufa. Mpe mpiga selo mapigo manne kwa kipimo, makavu na mafupi. Kabla ya pigo la kwanza ateleze: kidole kianzie chini kidogo, nusu pigo kabla, upinde ukiwa mwepesi, kisha aongeze uzito mpaka atue kwa kishindo juu ya pigo lenyewe. Wapiga tango wenyewe wanaita arrastre. Fanyeni hicho peke yake, taratibu, fidla ikae pembeni kwanza.

Fidla nayo isiimbe muda wote. Kuna chicharra: upinde unasuguliwa nyuma ya daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, uzi utoe mkwaruzo kama wa nyenze. Selo ikishika melodi, fidla ikakwaruza hivyo, ngoma mnayo.

Muundo usikuumize kichwa. Sehemu mbili zinatosha, ya kwanza maina (sauti ya huzuni), ya pili meja (sauti ya uchangamfu). Kwenye ya pili gawanya nota nane za kipimo kwa mafungu ya 3-3-2, mtindo alioupenda sana mtunzi wa tango wa Argentina, Astor Piazzolla (1921–1992). Huku kwetu hapo hapahitaji maelezo. Tulipofika sehemu hiyo, watu walianza kupiga makofi wenyewe, tena mahali penyewe hasa.

Mkipiga nje karibu na bahari, kaeni mgongo ukutani, la sivyo upepo unameza selo yote na fidla inabaki inalia peke yake. Karatasi zibaneni kwa vibanio vya nguo. Na nyuzi zirekebisheni palepale mtakapopigia, baada ya vyombo kukaa kwenye hewa hiyo kidogo. Unyevu wa pwani yetu hauna huruma na vigingi vya kukazia nyuzi.