Yupo: Alan Kulwicki, 1992

Mkuu, umeuliza kama kuna dereva aliyebeba ubingwa wa NASCAR (mbio za magari za Marekani) akimiliki timu yake mwenyewe. Msome Alan Kulwicki, mhandisi wa Wisconsin aliyemkatalia kazi Junior Johnson, mmiliki wa timu kubwa. Zikiwa zimebaki mbio sita alikuwa nyuma kwa pointi 278, watu walishamfuta. Kwenye bampa la Ford Thunderbird yake akaondoa herufi mbili za mwanzo, ikasomeka "Underbird", akicheza na neno "underdog", yaani mnyonge. Jeuri hiyo!

Mbio za mwisho, Atlanta, mpinzani wake wa ubingwa Bill Elliott alishinda, Kulwicki wa pili. Ila Kulwicki aliongoza mizunguko 103, Elliott 102, hivyo bonasi ya pointi 5 ya aliyeongoza mizunguko mingi zaidi ikawa yake. Ubingwa ukaja kwa pointi 10. Bonasi hiyo ingeenda kwa Elliott, wangelingana, na Elliott angebeba kwa kuwa alishinda mbio nyingi zaidi msimu huo.