Maswali ya Wasomaji: Ziwa Likifungwa, Mwaloni Kunaliwa Nini?

Barua nyingi za safari hii zimetoka Manispaa ya Kigoma Ujiji, na karibu zote zinahusu Ziwa Tanganyika. Tumechagua tatu. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa sababu aliyeiandika ametamka wazi jambo ambalo watu wengi wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hulisema kwa sauti ya chini.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mama mchuuzi wa dagaa hapa Kibirizi. Ziwa lilipofungwa, uvuvi ukasimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, mtaji wangu uliliwa wote nyumbani, na marejesho ya mkopo yakaendelea kudaiwa kila wiki kana kwamba hakuna kilichotokea. Tunaambiwa ni kwa faida ya samaki. Je, ni kweli samaki wanaongezeka kwa miezi mitatu tu? Na sisi tusio na mtumbwi tunahesabiwa wapi? – Mama Mchuuzi, Kibirizi.

JIBU: Mama yetu, pole sana. Tuanze na samaki. Dagaa wa Kigoma, pamoja na lumbu anayevuliwa naye, ni samaki wa maisha mafupi: hukua, hukomaa na kutaga mayai ndani ya mwaka mmoja, na wengi wao hawafiki mbali katika mwaka wa pili. Samaki wa namna hiyo hupungua upesi akivuliwa kupita kiasi, lakini pia hurudi upesi akipewa nafasi ya kuzaa. Kwa hiyo, kwa upande wa dagaa, miezi mitatu si michache.

Miezi hiyo tena ndiyo ya upepo wa kusini. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi mahali penye kina kirefu kuliko pote, na ukishavuka mita mia moja au mia mbili kwenda chini hakuna hewa ambayo samaki anaweza kuivuta. Rutuba nyingi imelala huko chini. Upepo wa kusini ndio unaoyakoroga maji na kuipandisha rutuba hiyo juu, vijimea vya kijani vya majini vikastawi, wadudu wadogo wa majini wakavila, na dagaa wakawala wadudu hao. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamezidi kupata joto, na maji ya juu yakishapata joto hayachanganyiki kwa urahisi na yale ya chini yaliyo baridi. Ziwa linazalisha kidogo kuliko zamani, nazo taa za wavuvi, zinazowavuta dagaa usiku, zimeongezeka. Anayekuambia kwamba samaki wamekwisha kwa sababu ya wavuvi peke yao amekuambia nusu ya habari, na anayesema kwamba ni hali ya hewa tu amekuambia nusu nyingine.

Mgebuka, samaki anayewala dagaa, ana habari yake. Yeye huchelewa kukomaa kuliko dagaa, na kufungwa kwa ziwa kunamsaidia zaidi kwa kumwachia dagaa wa kula. Lakini msaada huo hauna maana iwapo siku ya kufunguliwa anapokewa na kokoro na nyavu za macho madogo, ambazo zinakwangua hata watoto wa samaki karibu na ufuko. Kokoro limepigwa marufuku kisheria, na kila mkazi wa mwaloni anajua linapovutwa.

Sasa tuje kwenye swali lako la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo zito zaidi. Mwenye chombo, ziwa likifungwa, bado ana mtumbwi, injini na taa. Anaweza kuutumia muda huo kuziba nyufa na kushona nyavu. Kijana anayekwenda naye ziwani kwa kulipwa mgawo baada ya gharama za mafuta kutolewa hana kitu cha kuziba wala cha kushona. Wewe unayenunua kwa beseni alfajiri, ukaanika, ukageuza na kuuza, huna hata jina katika orodha ya wavuvi, ilhali dagaa hao hawafiki sokoni bila mikono yako. Watu wa mwaloni wamezoea kukaa siku za mbalamwezi, taa zinaposhindwa kuwavuta dagaa, na kila nyumba inajua namna ya kuzipitisha siku hizo. Wiki kumi na tatu mfululizo ni jambo la aina nyingine kabisa. Tunaamini kwamba kulifunga ziwa ni uamuzi sahihi, na kwa uzito uleule tunaamini kwamba haifai gharama yake kubebwa na wale wenye akiba ndogo kuliko wote.

Yapo mambo unayoweza kuyafanya mapema, na neno mapema hapa ndilo lenye kazi. Kwanza, zungumzeni na anayewakopesha kabla ya Mei, si katikati ya Juni, mkaombe marejesho yapangwe yaangukie miezi ya uvuvi. Mkopeshaji anayefanya kazi Kigoma anaijua kalenda ya ziwa kama mnavyoijua ninyi. Pili, halmashauri inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mlango wa kuingilia ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, na kwa kuwa kusajili kikundi na kupitishwa kwa maombi huchukua muda, anayeanza Januari ana nafasi nzuri kuliko anayekimbilia ofisini ziwa likiwa limekwisha kufungwa. Tatu, dagaa waliokaushwa juu ya chanja, bila mchanga, hudumu na hupata bei nzuri kuliko walioanikwa chini; magunia machache yaliyowekwa mahali pakavu mwezi wa Aprili yanaweza kukuvusha mpaka Julai, wakati mnunuzi wa Dar es Salaam au Tabora anawatafuta na hawaoni.

Jambo la mwisho kwako, na hili tunalisema kwa msisitizo. Watu waliokubali kukaa miezi mitatu bila kipato wana haki ya kuonyeshwa hesabu: ni kiasi gani cha dagaa kilishushwa katika mialo kabla ya ziwa kufungwa, na ni kiasi gani baada ya kufunguliwa. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo chake hapahapa Kigoma, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Kikundi chenu kiandike barua hiyo, na hesabu zikija zibandikwe mwaloni, kwa Kiswahili, mahali ambapo mwenye beseni kichwani anaweza kusimama akasoma.

SWALI: Kwa nini tufungiwe sisi, na samaki wenyewe wanakwenda Kongo wakavuliwe huko? – Kijana wa Katonga.

JIBU: Ndugu yetu, samaki kweli hajui mpaka, na ndiyo sababu makubaliano ya kulipumzisha ziwa ni ya nchi zote nne zinazolimiliki: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Nchi hizo zilitia saini mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja mwaka 2003, hapo Dar es Salaam, na mamlaka inayoufuatilia ina makao yake Bujumbura. Kongo ina takribani asilimia 45 ya eneo la ziwa na sisi takribani 41, kwa hiyo upande mmoja wa hawa wawili ukilegea, mwingine unajinyima kwa hasara. Malalamiko yako yana msingi. Ukiona taa ng'ambo wakati wa kufungwa, peleka habari kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo wenu, pamoja na tarehe, saa na mahali, kwa maana nchi yetu haiwezi kudai kitu mezani kwa kusema tu kwamba watu wameona taa.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Ujiji. Katika miaka hii ya karibuni maji yamepanda mpaka yakazifikia chanja za kuanikia dagaa na nyumba za jirani. Je, ziwa limeharibika, au ndivyo lilivyo? – Mwalimu, Ujiji.

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Ziwa hili hupokea maji ya mito mingi, Malagarasi na Ruzizi ikiwemo, lakini lina mto mmoja tu unaotoa maji, nao ni Lukuga, upande wa Kongo, karibu na Kalemie. Maji mengine yote huondoka kwa kukaushwa na jua. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo, maji hayana pa kukimbilia ila kupanda ufukoni.

Wewe uliye Ujiji una ushahidi karibu nawe. Nenda kwenye makumbusho ya mahali Livingstone alipokutana na Stanley mwaka 1871. Enzi hizo ziwa lilikuwa karibu sana na hapo, na leo ni mwendo wa kutembea kwa miguu kuufikia ufuko. Katika miaka ile ya 1870 mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na mimea, ziwa likajaa. Kisha maji yakauzibua, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ardhi ambayo watu wameijenga baadaye ni ardhi iliyoachwa na maji.

Kwa sababu hiyo tunaitetea Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, ingawa tunajua kwamba inawaumiza waliokwisha kujenga. Chanja zinaweza kuhamishwa, na tunaona zihamishwe mapema kabla ya mvua za masika. Nyumba ni shauri gumu zaidi: aliyeingiliwa na maji asianze kuujenga upya ukuta palepale kabla ya kumwita afisa ardhi wa manispaa, akapima mita hizo 60 akiwepo mwenye nyumba na majirani zake, na kuanzia alama ya juu ambayo maji yalifika, si pale yalipo leo.