Unajenga jukwaa la kuchora kwa msimbo? Anza na asiyeiona kanvasi

Jukwaa la kuchora kwa msimbo ndani ya kivinjari lina sehemu tatu za msingi: kihariri cha kuandikia, fremu (`iframe`) ya kuendeshea mchoro, na konsoli ya ujumbe na makosa. Ukitaka kuona zinavyounganishwa, tazama editor.p5js.org, kihariri kilichoanzishwa na Cassie Tarakajian kwa ajili ya p5.js, maktaba ya JavaScript ya kuchora kwa msimbo ambayo Lauren Lee McCarthy aliianza mwaka 2013 juu ya msingi wa Processing, lugha ya kuchora kwa msimbo ya Casey Reas na Ben Fry (2001). Msimbo wake uko wazi. Usome kabla hujaandika wako. Shauri letu kubwa ni moja: mjengee kwanza asiyeona na asiyeweza kushika kipanya. Mahitaji yao yanagusa muundo wa fremu na ujumbe, na muundo huo ukishazoeleka kuubomoa ni kazi nzito.

Kanvasi, eneo la ukurasa linalochorwa, ni pikseli tupu. `circle(200, 200, 50)` ikishachorwa, kivinjari hakikumbuki kwamba pana duara, na kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti, kikifika hapo hakina cha kusoma. Dawa iko ndani ya lebo ya `<canvas>` yenyewe: maandishi yanayowekwa kati ya lebo ya kufungua na ya kufunga hayaonekani, lakini kisoma skrini huyasoma. p5.js ina njia mbili za kuyaweka. `textOutput()` hutaja maumbo kwa rangi, mahali na asilimia ya kanvasi yanayochukua. Maana haiijui. Mwanafunzi akichora ngalawa kwa `quad()` na `triangle()`, mwenzake asiyeona ataambiwa kuna pembenne ya kahawia chini na pembetatu nyeupe katikati, tena kwa Kiingereza. `describe('Ngalawa yenye tanga jeupe inakwenda kulia')` ndiyo inayomweleza kilichochorwa.

Kwa hiyo, mstari wa `describe()` uwepo kwenye mchoro mpya anaoukuta mwanafunzi anapofungua jukwaa, chini tu ya `createCanvas()`. Akiufuta, konsoli imkumbushe mara moja kila anapoendesha, bila kumzuia. Ukiuficha kwenye ukurasa wa mipangilio hautatumika. Mfundishe pia abadilishe maelezo pale tu hali ya mchoro inapobadilika. `draw()`, kitendakazi kinachochora kila fremu ya mwendo, hurudiwa takriban mara 60 kwa sekunde. Akiingiza `mouseX` (mahali kipanya kilipo) ndani ya maelezo, sentensi itabadilika kabla msikilizaji hajafika katikati yake.

Kama kiolesura chako ni cha Kiswahili, andika `lang="sw"` kwenye `<html>`. Violezo vingi huja na `lang="en"`, na wengi husahau kuibadilisha. NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows, huja na sauti za eSpeak NG ambazo Kiswahili kimo. Lakini kikiambiwa ukurasa ni wa Kiingereza kinaweza kuyatamka maneno yako kwa matamshi ya Kiingereza, na mtu asiambulie kitu. Maandishi ya Kiingereza yaliyobaki ndani ya ukurasa yape `lang="en"` yake.

Kihariri usikiandike mwenyewe. Chukua CodeMirror 6, kihariri cha msimbo cha kupachika kwenye ukurasa: ni nyepesi na inafanya kazi kwenye simu, wakati Monaco, inayotumika ndani ya VS Code, haiungi mkono vivinjari vya simu. Shida ya kihariri chochote ni kitufe cha Tab. Ukikifanya kisogeze mstari ndani, anayetumia kibodi peke yake anaingia na hatoki. CodeMirror 6 huiacha Tab bila kazi kwa makusudi. Ukiamua kuipa kazi, mtumiaji bado anaweza kubonyeza Esc halafu Tab akatoka, mradi umwambie. Weka maelezo hayo pale kisoma skrini kitakapoyasoma mtu anapoingia kwenye kihariri.

Mtego wa pili wa kibodi uko ndani ya fremu, na huu wengi hawauoni mpaka watumiaji walalamike. Mwanafunzi akiandika `keyPressed()` inayorudisha `false`, Tab inazimwa ndani ya mchoro. Njia za mkato za jukwaa lako nazo hazisikiki, kwa sababu vitufe vyote sasa vinapokelewa na fremu. Kabla ya msimbo wa mwanafunzi kupakiwa, ingiza kisikilizi kwenye `window` ya fremu, katika hatua ya `capture` (inayotangulia visikilizi vingine), kinachosubiri Esc na kutuma ujumbe kwa `postMessage` kwa ukurasa mkuu ili fokasi, yaani mahali kibodi inapofanya kazi, irudi kwenye kihariri.

Fremu yenyewe ipe `sandbox="allow-scripts"`, sifa inayoendesha msimbo huku ikiutenga na ukurasa mkuu. Usiongeze `allow-same-origin` kama mchoro unatoka kwenye anwani ileile ya jukwaa, maana hapo msimbo wa mgeni unaweza kuifuta sandbox yote na kugusa akaunti ya mtumiaji. Gharama yake ni kwamba `localStorage` (hifadhi ya data ya kivinjari) ndani ya mchoro itatoa kosa la usalama, na ujumbe utafika ukiwa na asili (`origin`) ya `"null"`. Basi hakiki `event.source` ulinganishe na `contentWindow` ya fremu. Suluhisho la kudumu ni kutoa michoro kutoka kikoa kingine kabisa. Kamera na maikrofoni zinahitaji `allow="camera; microphone"`.

Vitanzi visivyoisha vitakuja siku ya kwanza ya darasa. `while (x < 400)` ambamo `x` haiongezeki inaweza kugandisha kichupo kizima, pamoja na kitufe chako cha Simamisha. Pitisha msimbo kwenye Acorn, kichanganuzi cha JavaScript, tafuta kila `for`, `while` na `do`, kisha ingiza kipimo cha muda ndani yake. Usitafute kwa regex (ruwaza za kutafuta maandishi), itakamata neno `for` lililo ndani ya maoni. Kipimo kiingie kwenye mstari uleule, la sivyo namba za mistari zinasogea na kosa la mstari wa 7 litaripotiwa mstari wa 9. Kikomo cha milisekunde 100 ni kifupi mno kwa simu dhaifu inayopitia pikseli zote. Sekunde 1 inatosha. Na pikseli hizo ni nyingi kuliko zinavyoonekana: kanvasi ya 400 kwa 400 kwenye simu yenye msongamano wa pikseli wa 3 ni 1200 kwa 1200, yaani pikseli 1,440,000, mara 9 ya ulizoandika. `pixelDensity(1)` kwenye mchoro wa kuanzia inaokoa simu nyingi.

Konsoli ipe `role="log"` ili kisoma skrini kitangaze ujumbe mpya. Lakini `console.log` iliyo ndani ya `draw()` itamwaga mistari 60 kila sekunde na kisoma skrini hakitanyamaza, kwa hiyo unganisha ujumbe unaojirudia kwa kuuhesabu, na tangaza si zaidi ya mara moja kila sekunde 2. Kosa litajwe kwa maneno pamoja na namba ya mstari; wekundu peke yake hautoshi.

Rangi: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, inataka uwiano wa 4.5:1 kwa maandishi, na maoni ya kijivu kwenye mandhari meusi ndiyo hufeli mara nyingi. Vitufe visipungue pikseli 24 kwa 24. Mchoro ulioshirikiwa usijiendeshe wenyewe: huwezi kujua kama unamweka zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kiwango ambacho WCAG inakataza kwa sababu ya hatari ya kifafa. Usubiri mtu abonyeze Endesha.

Majaribio: chomoa kipanya, zima skrini, washa NVDA. Fungua mchoro mpya, andika duara, endesha, sikiliza maelezo, toka kwenye fremu, kosea kwa makusudi mstari wa 3, ufikie mstari huo kutoka konsoli, sahihisha, simamisha. Rudia kwa TalkBack, kisoma skrini cha Android. Halafu mtafute mtumiaji wa kila siku wa kisoma skrini, umlipe kwa muda wake, umpe kazi hizohizo bila kumwelekeza, na uandike kila mahali anaposimama.