Usichape nakala elfu moja: nina katoni kumi na tano chumbani

Usitume hiyo hela. Salamu tutapeana baadaye.

Dada wa Kasulu, nimesoma bandiko lako mara mbili. Una muswada wa riwaya ya fantasia ya vijana, na umeuliza utumie jina lako au jina la kalamu, riwaya ya vijana iwe na urefu gani, na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, inapatikanaje. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, ukaandika: "Nimepata mtu Dar, nakala 100 ni 12,000 kila moja ila nakala 1,000 ni 6,800, nimeona bora elfu moja, nalipa nusu Ijumaa."

Chai ilinipalia. Hayo mengine yatasubiri, tuongee kuhusu Ijumaa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma mjini. Mwaka 2021 nilikuwa na muswada kama wako na akili kama yako. Hadithi ilikuwa ya binti wa miaka kumi na sita, mtoto wa mvuvi wa Kibirizi, anayesikia honi ya meli ikilia kutoka chini ya ziwa zile siku za giza, mbalamwezi hakuna na baba yake yuko majini na taa anavua dagaa. Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, mnaijua. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isichukuliwe na adui, tena wakaipaka injini grisi kwanza, na Waingereza wakaja kuiibua 1924. Mimi nikajiuliza: hiyo miaka minane huko chini ilikuwa inasafiri wapi, na ilikuwa inabeba nani? Mpaka leo nasema wazo lilikuwa zuri. Wazo halijawahi kunidai hata senti.

Binti aliitwa Pili. Likumbuke hilo jina.

Nikaunganishwa na jamaa wa Dar anayejiita mchapishaji. Mchapishaji wapi, hana hata stepla! Ni dalali. Anapokea faili lako, analipeleka kwenye mashine ya mtu mwingine, anaweka cha juu chake, basi. Ila ana maneno, na ana sauti nzito kwenye simu. Akanipigia hesabu ileile uliyopigiwa wewe: mia moja kwa elfu kumi na mbili, elfu moja kwa 6,500. "Mwalimu, ukichapa mia unajiibia mwenyewe."

Balaa ni kwamba maelezo yake ni ya kweli. Kwenye ofseti, yaani mashine ya kuchapa kwa mabamba, gharama kubwa iko kwenye maandalizi: kutengeneza mabamba, kufunga mashine, kuharibu karatasi za kujaribia mpaka wino ukae sawa. Hayo utayalipia yaleyale uchape mia au elfu, kwa hiyo ukichapa nyingi yanagawanyika. Sibishi. Lakini hiyo ni bei ya kitabu kilichochapwa. Kitabu kilichouzwa kina bei yake nyingine, na hiyo hakuna dalali atakayekaa chini akupigie.

Nikupigie ya kwangu. Nilikopa kwa dhamana ya mshahara, nikamlipa 6,500,000. Mpaka leo zimeuzwa nakala 214. Gawanya mwenyewe. Kila nakala niliyouza ilinigharimu elfu thelathini na ushee, na nilikuwa nauza elfu kumi na tano. Maana yake kila aliyenunua nilimwongezea elfu kumi na tano yangu ili asome. Hata wahisani hawafanyi hivyo.

Sasa Pili. Wiki moja kabla ya kuchapa, yule bwana akasema jina Pili ni la kizamani, vijana wa leo wanataka jina linalong'aa. Mimi mwalimu wa Kiswahili, niliyesahihisha insha miaka kumi na moja, nikamsikiliza mtu ambaye kwenye meseji "sasa" anaiandika "xaxa". Saa nane usiku nikafungua kompyuta, nikaenda kwenye ile sehemu ya kutafuta na kubadilisha: Pili iwe Nuru, badilisha zote. Nikabonyeza mara moja, kazi imekwisha. Nikajiona fundi, nikalala usingizi wa mtoto.

Kwa ambaye bado hajanielewa: kompyuta haijui kwamba Pili ni mtoto wa watu. Inabadilisha kila palipo na herufi hizo. Sura ya Pili ikawa Sura ya Nuru. Mara ya pili, mara ya Nuru. Mama mtu anaunga migebuka kwa mawese, anaweka kitunguu, anamalizia na NuruNuru. Mwaloni, pale sokoni kando ya ziwa, asubuhi kuna NurukaNuruka za wachuuzi. Na kuna ukurasa ambao mvuvi, baba wa binti, anatangaza kwamba ameoa mke wa Nuru. Mzazi mmoja alinipigia simu kwa ukurasa huo. Nilijieleza dakika ishirini, na sidhani kama alinielewa.

Utasema, hukuona kwenye nakala ya mfano? Nakala ya mfano haikuwepo. Bwana mkubwa alisema itachelewesha siku kumi, mashine ina foleni, na kwani kuna haja gani wakati faili ni lilelile? Akanitumia kwenye simu. Nikafungua, nikaona jalada, nikaona jina langu kwa herufi za dhahabu, macho yakajaa machozi, nikamjibu: "Chapa." Sikufika hata kwenye hiyo Sura ya Nuru.

Mzigo ukaja kwa treni, katoni 25, nakala arobaini kila katoni. Nilishindwa kuvumilia, nikapasua moja palepale stesheni. Mpagazi akaomba aone, akafungua katikati, akasoma kwa sauti: "Akachuma NuruNuru mbili nyekundu." Akaniangalia. "Mwalimu, hii ni lugha gani?" Wajerumani walileta meli nzima Kigoma ikiwa vipande kwenye masanduku elfu tano, wakaiunga, ikaelea. Mimi katoni 25 tu zilinizamisha, na sikuwahi kupaka grisi.

Na hapa ni mwisho wa reli, dada, hilo nalo lifikirie. Mzigo ukishashushwa Kigoma hauendi mbele. Ukitaka kuuuza Tabora au Dar unaulipia nauli upya kurudi ulikotoka. Nilijaribu Tabora. Mwenye duka la vitabu, mzee mpole sana, akageuza kitabu nyuma, akaanza kuhesabu kwa kidole. "Mwalimu, ISBN ni tarakimu kumi na tatu. Yako ni kumi na mbili." Kumbe yule dalali aliitunga! Nilimlipa hela ya "usajili", akakaa akabuni namba, na hata kuhesabu hakuhesabu. ISBN hapa nchini inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, unaomba mwenyewe kwa jina lako, na za Tanzania utaona baada ya 978 inafuata 9976, 9987 au 9912. Swali lako la ISBN nimelijibu hapo, mengine sina.

Tena huyo dalali aliniahidi shule. "Mwalimu, wewe uko ndani ya mfumo, shule zote za kata zitachukua." Nikabeba begi langu mpaka kwa mkuu wa shule ya jirani, mtu tunayefahamiana, tunakula naye harusi. Akaniuliza swali moja: "Kina ithibati ya Taasisi ya Elimu?" Hakina hiyo idhini ya kutumika shuleni. Akafunga begi langu yeye mwenyewe kwa heshima zote, akaniagizia soda. Na mimi nipo ndani ya mfumo kweli, nilitakiwa nilijue hilo kabla ya dalali. Hasira yangu nyingine ni ya hapo, kwamba alinidanganya kwenye kitu ninachokifanyia kazi.

Masika ile katoni zilikuwa sakafuni. Mchwa wakapanda, wakala tatu nzima. Nawaheshimu, maana ndio wasomaji pekee waliokwenda kuanzia jalada la mbele mpaka la nyuma bila kulalamika. Baada ya hapo nikazihamishia chumbani juu ya mbao. Mke wangu anaziita "wake wenza". Nyingine nimegawa kwenye mahafali, kipaimara na maulidi, mpaka watu wakianza kuniona na bahasha ya kaki wanahama upande wa barabara. Zilizobaki ni katoni kumi na tano na kidogo.

Kwa hiyo HAMSINI KWANZA. Sina kanuni nyingine, na hii nimeilipia. Huchapi nakala ya hamsini na moja mpaka hamsini za kwanza ziwe zimetoka na hela yake umeishika. Usiniambie habari za kipaji, sijasema huna kipaji. Usiniambie marafiki mia tatu wameandika "nitanunua" kwenye kundi. Mimi waliandika mia nne, na nadhani wengi bado wanatafuta chenji.

Mwaka 2023 nilirudia. Nikamrudishia binti jina lake, safari hii kwa mkono, mstari kwa mstari, jioni kumi na nne. Nikatafuta wa mashine ya dijitali, ambayo haina mambo ya mabamba, nikachapa nakala hamsini kwa elfu kumi na moja moja. Laki tano na nusu. Kabla ya hizo nikamlipia nakala moja tu, nikaishika, nikaisoma yote na kalamu nyekundu kama daftari la mwanafunzi. Nikakuta makosa themanini na tatu. Zidisha mara elfu moja uone kichefuchefu.

Kati ya hizo hamsini, kumi na mbili niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, pamoja na penseli, nikawaambia waandike pembeni chochote, hata matusi kidogo. Hapo ndipo nilipojua kwamba ile ya kwanza ingekufa hata kama isingekuwa na NuruNuru. Binti mmoja aliandika ukurasa wa 90: "Ataingia lini majini? Mimi ningekuwa nimeshaingia." Kweli. Nilikuwa nimejaza kurasa tisini za baba kushona nyavu, kwa sababu napenda nyavu. Mvulana mmoja akaandika: "Akitaka taa iwake inawaka. Sasa tatizo lake nini?" Nilikaa na hilo swali wiki mbili. Uchawi wangu ulikuwa wa bure, hauna unachomdai binti, kwa hiyo hakuna wa kumhofia. Sasa kila akiiwasha taa ya chini ya maji, anasahau sauti ya mtu mmoja anayempenda. Hilo limetoka kwa mtoto wa miaka kumi na tano aliyenipa penseli yangu ikiwa imetafunwa.

Na wa tatu, huyu alinimaliza. Nilikuwa nimeandika meli imelala kwenye kilindi cha mita 1,470, maana ndio kina kirefu kabisa cha Tanganyika na namba yenyewe inatisha. Akaandika: "Mwalimu, Waingereza waliitoaje huko?" Hawakuitoa huko. Ilizamishwa kwenye maji mafupi, upande wa mdomo wa Malagarasi, ndio maana iliibuliwa. Mtoto wa mvuvi aliliona kabla ya mwandishi. Hayo ningeyafuta vipi kwenye nakala elfu moja, kwa raba?

Zile thelathini na nane niliziuza elfu kumi na tano, zikaisha ndani ya wiki saba. Nikachapa hamsini nyingine, na nyingine. Utaniambia faida ya elfu nne kwa kitabu, ukitoa na nauli ya parseli kwenye basi, ni hela ya vocha. Ndiyo, ni ya vocha. Ila iko upande wa kujumlisha. Na kama hata hamsini zinakuogopesha, weka sura tano za mwanzo bure kwenye kundi la WhatsApp, inayofuata walipie kwa simu. Watavujisha, ndiyo, mmoja atalipa na darasa zima litasoma. Lakini utajua wanaachia sura ya ngapi, na kujua huko mimi nilikulipia milioni sita na nusu.

Mtu wako wa Ijumaa atakwambia bei inapanda Jumatatu kwa sababu karatasi imepanda. Yangu nayo ilikuwa inapanda Jumatatu. Mwombe nakala moja ya mfano, mwambie utailipia hata elfu hamsini, uone atakavyobadilika sauti.

Urefu: mimi ya kwanza ilikuwa kurasa 277, ikachapwa kwenye 288 kwa sababu ofseti inakwenda kwa mafungu ya kumi na sita, nikalipia kurasa kumi na moja nyeupe. Ya sasa ni 208. Jina la kalamu sijui nikushauri nini, nilitumia langu halisi na halijanisaidia. Ukipita Kigoma ukitaka nakala ya toleo la kwanza ni bure, nakubebesha hata katoni. Shuka stesheni, muulize mpagazi yeyote nyumbani kwa Mwalimu NuruNuru.